Aliyekaza Nati Apande

Leo nimemshika mkono mama nisiyemjua, ndani ya ndege ya Kisumu.

Ngojeni, msinihukumu.

Ndege ilipoanza kukimbia, mkono ulienda wenyewe. Mama wa watu akaniangalia.

"Mzee, ndiyo mara yako ya kwanza?"

Ingekuwa afadhali!

Nikamweleza. Miaka ya themanini, nikiwa kijana wa mtaa wa Makongeni, nilikuwa mwanagenzi kwenye karakana ya ndege. Mtaani nilijiita injinia. Siku moja nikakaza nati za mkia wa ndege ndogo. Mkuu wetu wa karakana akafungua mlango wa ndege hiyo.

"Haya, injinia. Hapa aliyekaza nati hupanda ndege ikijaribiwa."

Nikachukua spana tena. "Mkuu, niruhusu nizikague tena."

Nilizikagua mpaka rubani akasinzia. Zote zilikuwa imara. Tukapaa. Tulipita juu ya Makongeni, juu ya paa letu kabisa, na sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho, nikisikiliza nati zangu.

Mama akacheka sana. Halafu akalitazama bawa dirishani.

"Na hii ya leo, mzee, aliyekaza nati yumo?"

Nikamwambia sijui.

Mpaka Kisumu, yeye ndiye aliyenishika mimi. Alama za kucha bado ninazo.