Jani la Masale kwa Ajili ya Manyoya

Shamba la mlowezi mmoja wa Siha lilipotaifishwa mwaka 1973, mzungu aliondoka akamwachia mpishi wake, Ildefonce, vitu viwili: sufuria kubwa na mbwa. Sufuria ilieleweka. Mbwa alikuwa wa kuchungia kondoo huko Ulaya, manyoya yamemfunika hata macho, na Ildefonce alipofika naye nyumbani Kibosho watu walitoka vihambani, kwenye migomba yao izungukayo nyumba, kuuliza mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Watoto wakamwita Manyoya. Redempta, kitinda mimba wa miaka minane, ndiye aliyemchana kwa kitana cha mama yake na kumtoa kupe. Kila jioni mbwa alikizunguka kihamba, akiwasukuma watoto kwa pua mmoja mmoja hadi uani, wala hakulala mpaka wote sita wawe wameingia.

Lakini Uchaggani ng'ombe hachungwi. Hufungwa zizini, akakatiwa majani na migomba, akala hapo hapo. Basi kwenye kilabu cha mbege wakamtania: "Ildefonce, huyo mchungaji wako anachunga nini? Migomba?"

Akacheka nao, lakini neno likamwingia. Yeye mwenyewe alikuwa mpishi asiye na jiko tangu mzungu aondoke, na uchungu wa kukaa bila kazi aliujua. Akaanza kumwonea mbwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Kule Kahe, tambarare, shemeji yake Eliufoo alikuwa na ng'ombe wengi wa kuswaga malishoni. Akaamua kumpeleka mbwa huko. Redempta akalia aliposikia.

"Baba, usimpeleke. Kwani kazi yake si sisi?"

"Wewe mtoto unajua nini? Mbwa wa kuchunga anataka ng'ombe."

Akampeleka kwa basi, akarudi anapiga mluzi, kama mzazi aliyemtafutia mwanawe ajira. Joto la Kahe hakulifikiria. Mtu wa mlimani akiteremka kule huvua koti. Manyoya angelivua wapi lake?

Wiki ya tatu zikaja salamu kwamba mbwa hali chakula, anahema tu. Ildefonce akakata jani la masale mpakani mwa kihamba. Kwa Wachagga, mkosaji hupeleka jani hilo kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Alijua watamcheka, mtu mzima kwenda kumwomba mbwa radhi, kwa hiyo akalificha ndani ya koti na kupanda basi.

Alikuta wamemzika jana yake.

"Ng'ombe hakuwagusa, shemeji," Eliufoo akamwambia. "Kila jioni aliwakusanya wanangu, akawafikisha uani, halafu akaenda kukaa barabarani, pale basi lilipokushusha. Nafikiri aliona bado hawajatimia."

Ildefonce akalia mbele ya shemeji yake, na hakuona haya.

Alirudi Kibosho jani limenyauka, akampa Redempta kwa mikono miwili. Mtoto akalitazama kwanza, kisha akalipokea, maana masale hayakataliwi.

"Nimekusamehe, Baba," akasema, kama alivyofundishwa.

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Redempta akaenda akasimama pale Manyoya alipozoea kusimama, akawaita ndugu zake kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote watano wakaingia ndani. Akaingia naye, akarudisha mlango. Baba yake alikuwa bado amesimama uani, naye hakuitwa.