Tarehe Nyekundu za Marisa

Juzi, katika duka la Wafilipino huko Ruwi, niliona kalenda kama ya Marisa, yaya wetu, ile iliyonuka vitunguu vya kukaanga jikoni kwetu Bawshar. Mwaka wake wote aliupanga kwa tarehe zake nyekundu, sikukuu za kwao.

Alasiri moja alimwonyesha mama mojawapo. "Madam, siku hii kwetu tunakwenda makaburini. Mama yangu alizikwa mimi niko hapa."

"Kaburi halikimbii, Marisa. Mie nna harusi ya mdogo wangu. Utakwenda mwakani."

Nami, niliyedhani kila tarehe nyekundu ni sherehe, nikadakia: "Mwakani uniletee keki!"

Marisa alinipa kisogo, akarudi kwenye vitunguu vyake, nikamnunia.

Mwaka uliofuata kulikuwa na harusi nyingine.

Sasa mama amezikwa Amerat, mwendo mfupi kwa gari. Humzuru Ijumaa yoyote nitakayo.