Chuma Kinachonyweshwa Maji Habaswein

Keynan amewahi kumfukuza fisi zizini kwa fimbo na matusi. Siku hizi anachaji tuktuk za umeme pembeni mwa msikiti wa Habaswein, na kila asubuhi hufika kazini kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Umeme, anasema, hauna harufu wala nyayo. Mnyama gani huyo? Plagi huchomoa kwa hangool, fimbo yake ya ufugaji yenye ndoano ya kuvutia matawi ya miiba, uso ameugeuzia Makka kwa tahadhari.

Wahandisi wa Nairobi walimletea sanduku lenye akili. Limejifunza tabia za umeme kwa maelfu ya chaji, nzima na mbovu, kwa hiyo likihisi hitilafu hupiga king'ora na kuandika kwenye simu. Wakala mbuzi, wakaondoka. Kila saa nne asubuhi sanduku likawa linaandika: "Bodi ya tuktuk ina umeme. Uhakika asilimia 91. Zima." Keynan anazima. Baada ya adhuhuri, asilimia nane, kimya. Baada ya alasiri, kimya. Wahandisi wakasema kwa simu kwamba labda ni joto.

"Limesilimu," akasema Rage, dereva, mtoto wa dada yake. "Likisikia adhana linatubu."

Keynan hakucheka. Halali vizuri mtu anayengoja kifo chenye ratiba.

Kisha ukame ukakausha tangi la msikiti. Watu wakatayamamu kwa vumbi, wakaswali adhuhuri, naye Keynan akawasha chaji kama kawaida. King'ora kikapasua mji. Asilimia 97.

Rage alikuwa anatoka msikitini peku. Muumini fulani alikuwa ameondoka na viatu vyake. Akaelekea moja kwa moja kwenye tuktuk yake.

"Usiguse!"

"Abti, ni sheikh wako tu, leo hajaswali," akajibu Rage. Abti ndivyo mjomba na mpwa wanavyoitana.

"Wallahi, abti, usiguse!"

"Mjomba mzima, unatishwa na sanduku!"

Swichi kuu ilikuwa hatua kumi na mbili. Mkono wa Rage ulikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye chuma. Mkono wa Keynan ulikumbuka kazi yake ya zamani: hangool ikamnasa Rage kwenye ukosi wa shati, ikamvuta chini kama tawi la mgunga. Keynan akamruka, akazima swichi, akakaa chini.

Fundi alipokuja alikuta waya wa chaji umetafunwa na panya hadi shaba. Kisha akaonyesha chuma kilichozikwa chini ya ukuta wa msikiti, kile kinachopeleka umeme uliovuja ardhini. Udongo mkavu haupitishi umeme, na kufikia saa nne asubuhi maji ya alfajiri huwa yamekauka. Kumbe maji ya udhu yaliyotiririka pale ndiyo yaliyowaokoa madereva, mara tano kwa siku, bila mtu kujua.

Waya ukabadilishwa. Hata hivyo Keynan humwagia chuma birika zima kila asubuhi, katika mji ambamo mbuzi wanalamba mifereji mikavu. Wageni wakipita hudhani ni kaburi la walii, wanasoma Fatiha.

Rage husimama mbali, viatu amevifunga miguuni kwa kamba.

"Abti, sanduku linasemaje?"

"Asilimia nane."

"Ongeza maji kidogo, abti."