Maji kwa Mdogo Wangu

Tulikuwa tumejificha kwenye matete, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Tulikuwa mimi, mama, bibi mzaa baba, na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa hajapewa jina. Kijiji chetu askari wa Wajerumani walikwisha kukichoma, na mpunga wakauteketeza ndani ya vihenge. Tulikula mizizi ya yungiyungi na vitoto vya kambare tulivyovikamata kwa tenga. Maziwa ya mama yakakauka. Mtoto alilia, alilia, mpaka akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Mimi nilikuwa nasoma misheni. Wasichana tuliofika darasa la juu tulikuwa wachache, na kati yetu hakuna aliyekuwa mkimya kama mimi. Mwalimu wa dini akiniuliza swali, nilijibu huku nikitazama vidole vya miguu yangu. "Unamjibu nani, panya?" aliniuliza, na darasa zima likacheka. Ni yeye aliyetufundisha kwamba mtoto akikaribia kufa na padre hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Maji yatiririke kichwani na maneno yasikike. "Yasikike," alirudia, akinitazama mimi.

Asubuhi ile nikaona jinsi mdogo wangu anavyopumua: tumbo linapanda na kushuka, mdomo wazi, macho hayamfuati mtu. Nikachota maji kwa kibuyu.

"Unataka kufanya nini?" mama akauliza.

"Kumbatiza."

"Hakuna mtu atakayemmwagia maji mwanangu."

Nilimwelewa. Baba alinyunyiziwa ile dawa ya maji pamoja na wanaume wenzake. Alirudi nyumbani amejifunga kipande cha bua la mtama kwenye paji la uso, anacheka, akamwambia mama kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mama ndiye aliyekwenda kumtafuta kati ya maiti. Tangu hapo hakulitamka jina lake, na sisi hatukuthubutu.

Bibi akajaribu kutupoza. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "wewe hata kunisalimia unanong'ona, leo umekuwa padre? Ndevu umezificha wapi?" Akacheka bila sauti, kwa sababu tangu alfajiri tulikuwa tunasikia askari wakipita kwenye njia ya ukingoni. Mama hakucheka.

"Hayo maji yako yanazuia nini?" akaniuliza.

Nikakishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Hayazuii kitu, mama."

"Risasi?"

"Hapana."

"Njaa?"

"Hapana. Anaweza kufa leo hii."

"Sasa ya nini?"

"Ili asiende peke yake. Apokelewe na anayemjua."

Nisidanganye hapa. Kwenye matete yale nilikuwa nimesali sana na sikujibiwa chochote, nikaanza kufikiri labda Mungu alibaki misheni na kengele yake. Lakini nilipoyasema maneno yale nilikuwa namtazama mama usoni. Sijui nilianza saa ngapi kumtazama.

Mama akamgeuza mtoto, kichwa kikaelekea kwangu.

"Lazima awe na jina," nikasema. Majina ya watakatifu nilikuwa nayo tele kichwani.

Mama akalitaja jina la baba.

Jina la mtu ambaye hakubatizwa, aliyekufa na bua la mtama usoni. Mwalimu asingelikubali kamwe. Nikalichukua.

"Nong'ona, mjukuu wangu," bibi akasema, mara hii bila utani. "Watatusikia."

Nikanong'ona. Maji yakateleza kwenye utosi wa mtoto, naye hata hakushtuka.

"Sijasikia," mama akasema.

Nikamwomba Yesu anishike, basi, sikuwa na sala ndefu zaidi ya hiyo. Nikamimina tena, nikalitaja jina la baba, nikambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ndege wakaruka kutoka kwenye matete. Bibi akajiziba mdomo kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Tukangoja, mama amemkumbatia mtoto, mimi nimeshika kibuyu kitupu. Ukingoni mtu alikohoa. Hakuja.

Mdogo wangu alikufa mchana ule mikononi mwa mama. Ardhi yote ilikuwa imejaa maji, tukamzika ubavuni mwa kichuguu, palipokuwa pakavu. Bibi alichimba kwa mikono, hakukubali nimsaidie.

Kabla hatujaondoka mama aliniambia nilitaje lile jina tena. Nikalitaja. Askari walikuwa bado wanapita, lakini sikunong'ona.