Mashine Isiyonguruma

Niliitambua plagi kabla sijalitambua jeraha. Dada yangu alikuwa amekuja kwenye chumba changu cha kazi mjini Eldoret, pale ghorofani ninapotengeneza kompyuta. Aliinama kuokota leso iliyomwanguka, na kola ya blauzi yake ikafunguka. Karibu na bega palikuwa na alama tatu: moja imesimama juu, mbili zimelala chini yake. Mimi hushika plagi kila siku ya Mungu, na umbo lile siwezi kulikosea. Kutoka hapo mstari wa zambarau ulishuka mgongoni, mnene kama waya wa kompyuta ya mezani. Nao niliujua. Ulikuja na kompyuta kuukuu niliyowapa yeye na mumewe walipohamia West Indies, mtaa wa papa hapa mjini.

"Funga mlango kwanza," dada akasema, kabla sijauliza chochote.

Kwamba mumewe alikuwa na mkono mwepesi, ukoo mzima ulijua. Mara mbili dada alikuwa amerudi nyumbani, kule kwetu magharibi, na mara mbili wazee wakakaa. Shemeji alikuja amevaa suti, akaongea kwa ulimi wa asali, akasema mke wake ana mdomo na majirani waulizwe kama wamewahi kusikia lolote. Majirani walipoulizwa, hawakuwa wamesikia lolote. Basi akatozwa kuku, wazee wakamla yule kuku, na dada akarudishwa kwa bwana. Mama alitaka kwenda kukaa naye angalau mwezi mmoja, lakini kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mila inamlinda mkwe asione haya. Nani amlinde binti, hilo mila haikusema.

Nilichukua nyundo. Sitaki kujipamba hapa: nilitaka kumpasua kichwa, na nilijua hata upande nitakaoanzia. Dada akasimama mlangoni.

"Ukimpiga, wewe ndio utalala ndani," akasema. "Na mimi nitarudi kwake. Hasira ni hasara."

"Hasara kwa nani?"

"Kwangu. Weka hiyo nyundo chini unisikize."

Nikaiweka. Ndipo aliponieleza kwa nini majirani hawakuwahi kusikia, ingawa nyumba za ploti ile zimeshikana ukuta kwa ukuta.

"Anafungulia muvi," alisema. "Akiwa anaangalia kweli, sauti anaweka katikati. Lakini akitaka hiyo kazi ingine, anajaza mpaka mwisho. Risasi, mabomu, watu wanalia kwa muvi. Na mimi nalia hapo ndani yao. Yule mama wa duka hapo kwa gate aliniuliza juzi, mbona bwanako anapenda vita hivi?"

"Si uzime?"

"Nilizima siku moja. Hiyo kompyuta yako inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, hata muvi ikizimwa. Hakuna mtu alisikia kitu." Akafunga kola yake. "Yeye amenunua TV kubwa, anataka mashine mpya ya kuonyesha muvi. Atakuja kwako. Mtengenezee. Lakini iwe kimya. Na akijaza sauti, ijizime. Mimi sitaki umpige. Nataka wasikie."

Nilimwambia ni wazimu. Mtu akikatizwa katikati ya kazi kama ile anaweza kuua. Dada alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia.

"Si anaua tu polepole," akasema.

Shemeji alikuja wiki ileile, ananukia manukato, ameshika funguo za gari mkononi ili zionekane. Anauza vipuri vya magari na huamini kila kitu duniani ni kipuri. Alinipiga bega, akaniita shem wake wa nguvu, akasema anataka mashine ambayo mgeni akiingia sebuleni atajua ameingia kwa mtu. Nilicheka naye. Sijui nilikotoa kile kicheko.

"Na uniwekee Windows," akasema. "Hiyo ingine yenu ya bure ni ya watu hawana pesa."

Hapo ndipo pangeharibikia. Karani wa duka lake anaijua Windows nje ndani. Kitu chochote ningeficha humo, karani angekifukua, kama si mashine yenyewe kujisasisha na kunivurugia kazi. Nilihitaji Linux, ile ya bure, ambayo ningeweza kuifungua mpaka mifupa na kuiambia: hivi, wala si vinginevyo. Basi nikamshika shemeji mahali anapowashwa.

"Muvi zako unazitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa muvi shop, si unajua. Wananijazia flash."

"Na ile kompyuta ya duka lako iliharibiwa na nini?"

Akaziweka funguo mezani. Flash ya muvi shop moja ilikuwa imeingiza virusi kwenye kompyuta ya duka, mafaili yote ya stoki yakageuka njia za mkato zisizokwenda popote, na karani akalia machozi mbele ya wateja. Nikamwambia kwamba kwenye Linux virusi vile vinaingia na kufa njaa. Nikamwambia pia kwamba ikiwaka inafungua moja kwa moja kwenye picha za sinema, hakuna madirisha ya ofisi, na kila kitu kinaendeshwa kwa rimoti moja.

"Rimoti moja tu?" akauliza, macho yakimng'aa.

"Moja tu. Hata spika nitaziunganisha kwenye mashine yenyewe. Hakuna vitufe vya kuzungusha."

"Weka hiyo," akasema. "Weka hiyo haraka."

Niliijenga kwa hasira, na nadhani ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Sanduku lake ni la alumini nzito, pande zote zina mapezi ya kutoa joto, kwa kuwa ndani hamna feni hata moja. Nilichagua prosesa isiyopata moto na diski isiyozunguka. Pezi moja lilinichana kiganja nikakiacha kitoke damu, nikaendelea kukaza skrubu huku nikimtukana shemeji kwa kila skrubu, matusi ambayo mama akisikia atanikana. Amplifaya ya spika nikaifungia humohumo ndani. Nilipoiwasha niliilalia kwa sikio, na nilichosikia ni saa ya ukutani tu.

Kisha nikaandika programu fupi. Sauti ikipita themanini kati ya mia, mashine inangoja kidogo, halafu inajizima yote, picha na sauti, na haiwaki tena upesi. Niliifunga nyumbani kwake siku ya kazi, mchana, dada akileta chai bila kunitazama. Shemeji alijaribu sinema ya vita kwenye sitini, kuta zikatetemeka, akapiga makofi kama mtoto.

"Shem, usipitishe themanini," nikamwambia. "Haina feni. Ikizidiwa inajizima kujikinga."

"Nani anahitaji zaidi ya hapo?" akasema. Nikatamani kumkata ulimi.

Baada ya hapo sikuwa na usingizi wala hamu ya kula. Nilikuwa nimemtegea chui mtego na nikamwacha dada yangu ndani yake. Nilipita pale kila nilipopata kisingizio, mara betri za rimoti, mara flash mpya. Jumapili moja baada ya kanisa, mvua ikinyunya, nilikuwa pale dukani kwenye geti nikinunua mkate niwapelekee. Mwenye duka ni mama mnene wa kutoka mkoa wa Kati, mkali kwa wadeni na mpole kwa paka wake. Alikuwa ananikatia sabuni ya kipande kwa kisu wakati sinema ilipolipuka kule ndani.

Haikuwa sauti ya katikati. Ilikuwa imejazwa.

"Huyo shemeji yako leo amefungulia kweli," mama wa duka akasema.

Nilishika kaunta. Mizinga ililia, watu wa sinema wakapiga mayowe, na paka akatoroka chini ya magunia. Halafu ukimya ukaanguka juu ya ploti nzima. Hapakuwa na feni ya kuujaza.

Tukasikia waya. Sauti ya waya ukimwangukia mtu haifanani na kitu kingine, ni fupi na ya majimaji. Tukamsikia dada yangu. Na tukamsikia shemeji, ambaye hasira ilikuwa imemziba masikio hata hakujua kwamba mizinga yake imekwisha, akisema wazi kama anayesoma somo kanisani:

"Lia! Lia, nani atakusikia?"

Mama wa duka aliweka kisu chini. "Ngai," akamwita Mungu polepole kwa lugha yake. "Na sisi tulikuwa tunasema ni muvi."

Kisha akachomoa lile gongo la kufungia mlango wa duka, akatoka mvuani. Milango ikafunguka upande huu na ule. Wanawake walitoka na walichokuwa nacho mkononi: mmoja mwiko wenye ugali, mwingine pasi, mwingine kiatu chake cha kanisani. Niliwapita mbio, nikaupiga mlango kwa bega, ukavunjika bawaba.

Dada alikuwa chini kati ya sofa na meza, sikio lake limepasuka, damu imechora zulia. Shemeji aligeuka na waya mkononi, plagi ikining'inia. Mama wa duka alimpiga kwenye kifundo cha mkono kwa lile gongo, mfupa ukalia, waya ukaanguka. Wengine wakamvamia. Niliona pasi ikishuka, niliona suti ikichanika, nilimsikia akiita jina la Mungu ambaye muda mfupi uliopita hakuwa na habari naye. Mimi niling'oa mashine kwenye rafu. Ni nzito, ina kona kali, na kichwa cha shemeji kilikuwa pale pale miguuni pangu. Niliinua mikono.

"Wacha," dada akasema kutoka sakafuni, damu ikimtoka mdomoni. "Usivunje hiyo. Hiyo ni yangu."

Nikaishusha. Bado nina uchungu kwamba niliishusha, na bado namshukuru.

Alilazwa katika hospitali ya misheni kule Plateau, nje ya mji. Shemeji alipelekwa kituoni akiwa ameshika mkono wake kama yai. Wazee walipokaa mara ya tatu, ploti nzima ilikuja, na mama wa duka, ambaye hata lugha yetu haijui, alisimama akarudia yale maneno: lia, nani atakusikia. Hakuna mzee aliyetaja kuku.

Sasa dada ana vyumba viwili vyake mwenyewe. Mwezi uliopita mama alisafiri kuja kulala kwake. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa sababu chini ya paa lile hakuna mkwe tena. Alileta kuku mzima na ndizi, akakaa kwenye sofa na kanga magotini, nikamwashia mashine. Alistaajabu kwamba haina mlio. Tukamwekea sinema ya kuchekesha, watu wanagombania ng'ombe wa mahari.

"Ongeza kidogo, mwanangu," mama akasema. "Masikio yangu yamezeeka."

Nikaongeza. Hata hamsini haikufika. Dada, aliyekuwa akichambua mboga karibu yangu, aliinuka, akajikunja ukutani na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili. Sufuria ya mboga ilibingirika mpaka mlangoni.

Nilitafuta rimoti kama kipofu, nikapunguza. Mama alimtazama binti yake pale ukutani, akaitazama ile mashine, kisha akaninyooshea mkono wake niketi.

"Zima sauti kabisa," akasema. "Nitaangalia midomo yao."