Vunjajungu wa Mbarak

Kaka yangu Mbarak alikuwa akitengeneza kompyuta za ofisi moja huko Arlington, Marekani, na kwa hilo akadhani anajua kila kitu. Mwaka wa tisini na nane alijuana na Mzungu mmoja kwenye intaneti, akarudi nyumbani kwetu Falls Church na vunjajungu wa jangwani ndani ya sanduku la kioo. Wenzake wananunua televisheni. Yeye kanunua mdudu.

Na mdudu mwenyewe hakuwa hata wa kijani. Mfupi, mnene, mabawa kama hana, rangi yake changarawe tupu. Mbarak akamtandikia mchanga na vijiwe, akamwashia taa ya joto, na kila mgeni akapewa mhadhara: huyu hakai majanini, hukimbia chini, juu ya mchanga wa moto, na akitulia humuoni. "Ila mimi namuona mara moja," husema, kidevu juu. Mimi Mize, dadake, nilishachoka na mdudu na mwenye mdudu.

Lakini alikuwa amemposa Nahla, na Januari iliyofuata Bi Maryam, mamake Nahla, alikuwa anakuja kutoka Woodbridge kuangalia bintiye ataishi vipi, ndipo atoe jibu. Bi Maryam ni mtu wa Mombasa kama sisi, na kwetu aliyeshika vunjajungu hagusi chombo, kitavunjika. Nikamwambia Mbarak amfiche mdudu wake. Akanicheka, ati ushamba. Siku ya ugeni nikamkuta anakokota sanduku kulipeleka chumbani, jasho linamtoka.

Wageni wakaingia, Bi Maryam na Nahla. Mimi nikashika kahawa, yeye nikamwachia chetezo afukize udi. Mchanga wa kulazia makaa hatukuwa nao, basi bingwa akaenda kuchota kwenye sanduku lake. Akapanga makaa, akatia udi, akakiweka chetezo mbele ya Bi Maryam, ameshajiona mkwe.

Bi Maryam alikuwa anasifu ile harufu, mara akainamia chetezo. Kijiwe kimoja kilikuwa kinatembea. Kikapanda ukingo wa chetezo, kikainua mikono miwili.

"Vunjajungu huyu," akasema. "Wa nani?"

Miezi yote ile Mbarak ametuchosha kwa mdudu huyu. Sasa akamtazama kama hajapata kumuona.

"Simjui, mama. Labda kaingia dirishani."

Nje theluji, madirisha yamefungwa tangu Novemba. Mhadhara ule Nahla alishausikia kwenye simu mpaka akauhifadhi.

"Mbarak, huyu si wako?"

"Nimesema simjui."

Bi Maryam hakukasirika, wallahi. Alikuwa ameanza kucheka, na mimi nikashusha pumzi. Nahla ndiye aliyeinuka. Akatega kiganja penye ukingo, mdudu akapanda. Mamake akawahi kumpokonya kikombe cha mkono wa pili.

"Basi ni wangu," Nahla akasema, akamfunika kwa mtandio wake. "Mama, twende. Leo kamkana huyu, kesho atanikana mimi."

Walipoondoka, Mbarak akaja jikoni kunisaidia kuosha vikombe. Nikamwambia asiguse.