Gari Nililopewa kwa Shamba la Baba

Gari langu lilikufa kwenye mlima wa kutoka Soni kwenda Lushoto, saa nne asubuhi, likiwa limebeba magunia mawili ya sukari na makreti ya chupa tupu. Lilianza kupungua nguvu, likanuka kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni, likagonga mara moja kwa kishindo chini ya boneti, likasimama. Mpaka linazimika hakuna taa nyekundu iliyowaka kwenye dashibodi. Nilishuka nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikafungua boneti, na joto lililonipiga usoni lilinirudisha hatua tatu nyuma. Sijui lolote kuhusu injini, lakini pale nilijua kwamba nimefiwa.

Mimi ni mpika jamu. Napika plamu, forosadi na mapeasi, naweka kwenye chupa, nasambaza kwenye nyumba za wageni kwenye njia ya Irente na kwa wenye maduka hadi Mombo. Kazi hii bila gari ni adhabu. Kabla sijapata gari nilikuwa nakodi bodaboda, na chupa zilizovunjika kwenye makorongo yetu zingetosha kujengea ukuta. Kwa hiyo gari lile, steshenwagoni la Kijapani lenye umri wa kuoa, lilikuwa mkono wangu wa kulia. Nililiosha kila Ijumaa. Nilijisifia kwa watu kwamba halijawahi kuchemsha hata siku moja, wakati magari mapya yanapanda mlima huu yakipumua mvuke.

Nililipata kwa kaka yangu. Hapa inabidi nieleze vizuri, maana ndipo penye kidonda.

Baba yetu, kabla hajafariki, aligawa shamba lake la Kwai mbele ya wazee. Sehemu kubwa alimpa kaka, na kipande cha upande wa kijito, chenye miti ya plamu, akanipa mimi. Wapo walioguna kwamba binti anapewaje ardhi, baba akawaambia binti huyu ndiye anayejua plamu zinaiva lini. Akapanda mimea ya masale kati ya kipande changu na cha kaka, mstari mmoja mrefu. Kwetu mtu akiona masale hahitaji kuuliza mpaka uko wapi. Miaka yote niliyokuwa napika jamu, plamu zangu zilitoka pale.

Mwaka juzi kaka alinifuata na wazo. Alikuwa na gari, mimi nilikuwa nahangaika na bodaboda. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe chukua gari, mimi niachie kile kipande kiungane na changu. Plamu utaendelea kuchuma kama kawaida. Nani atakuzuia? Mimi?" Akacheka, nami nikacheka. Nilisema labda tuandikishane kwenye ofisi ya kijiji, tupate na muhuri. Kaka aliweka kikombe cha chai chini. Mama, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, alifyonya. "Mmenyonya titi moja," alisema, "leo mnataka muhuri?" Niliona aibu, naapa. Niliona aibu mpaka nikaomba radhi.

Tukaenda shambani watatu. Kwa kawaida yetu anayetoa ardhi ndiye anayeng'oa mpaka, kwa hiyo niling'oa masale ya baba kwa mikono yangu mwenyewe, shina moja baada ya jingine, huku mama akiwa amesimama kama shahidi. Shahidi pekee. Jioni ile niliendesha gari langu kushuka Lushoto nikiimba.

Sasa, siku gari lilipokufa, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa kaka. Alisema, "Usimruhusu fundi yeyote alifungue. Jumapili nakuja na fundi wangu, analijua." Moyo wangu ulitulia kabisa. Nilimwambia asante kaka, Mungu akubariki. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu ahofie gari kufunguliwa, lakini nani anamhoji kaka yake anapomhurumia?

Gari lilivutwa kwa kamba hadi gereji moja pale mjini, kiwanja kitupu chini ya mikaratusi. Fundi wa pale ni mzee mtaratibu anayeongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Nilimwambia asubiri Jumapili. Akasema sawa. Ijumaa asubuhi nilipita na chupa ya chai kumsalimia, nikakuta dashibodi iko chini juu ya gunia, na rejeta imelazwa kando yake.

"Shikamoo. Si nilikuomba usubiri?"

"Marahaba. Nilisubiri jana kutwa," alisema, bila aibu yoyote. "Halafu nikajiuliza, gari linachemka mpaka linakufa, taa yake ya joto ilikuwa wapi? Sikulala vizuri. Njoo uone."

Alinionyesha kwanza rejeta. Alikuwa ameikingia beseni, na kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa uji mzito wa manjano, ile ile ninayotia kwenye pilau. Akanieleza kwamba rejeta ikitoboka, wengine hutia unga wa manjano uzibe tundu kwa muda, lakini ukitiwa mwingi unaziba hadi njia za maji, na injini inapikika polepole. Huu ulikuwa umetiwa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na la chini lilikuwa limekauka kama udongo. Mimi sijawahi kutia kitu humo zaidi ya maji.

"Na taa?" niliuliza.

Akageuza dashibodi. Kibalbu cha taa ya joto kilikuwa kizima. Kilikuwa kimechomolewa mahali pake, kikavutwa nyuma na waya wake, kikafungwa kando kwa kamba nyembamba ya mpira wa tyubu ya baiskeli. "Huyu hakukosea," fundi alisema. "Huyu alificha. Wewe umemjua?"

Nilimjua. Nilimjua kabla hajamaliza kuuliza. Baba alikuwa anafunga matenga ya plamu kwa mpira wa tyubu, mizunguko mitatu, kisha ncha inapita chini kwa chini na kurudi juu, inabaki imesimama kama sikio la sungura. Alitufundisha watoto wake wawili tu, na mimi ule ufundi wa kurudisha ncha juu ulinishinda. Matenga yangu yalikuwa yanafunguka njiani, kaka ananicheka. Lile fundo lilikuwa safi. Hata kwenye uovu, kaka yangu hana kazi chafu.

Nilikaa kwenye tairi bovu nikanywa ile chai niliyomletea fundi, yote, mimi mwenyewe.  Baadaye fundi akaniuliza swali lake la kazi: tufanyeje? Injini ile haikarabatiki, alisema, imepinda na vyuma vimeshikana. Njia ni mbili. Niagize injini ya mtumba kutoka Dar, nayo itanigharimu ng'ombe wangu wa maziwa, maana sikuwa na kitu kingine cha kuuza. Au niite watu wa skrepa wabebe bodi kwa bei ya chuma chakavu.

Nikamwambia asubiri, na safari hii asubiri kweli. Kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa na njia ya tatu. Nikitengeneza gari, nimekubali kwamba ni langu, na shamba limekwenda. Lakini nisipoligusa, likabaki vile vile na manjano yake na fundo lake, naweza kumrudishia kaka gari lake, anirudishie kipande changu, turudishe na masale. Ndivyo nilivyopanga. Nilikata ule mpira kwa makini fundo lisifunguke, nikautia mfukoni, nikapanda bodaboda kwenda Kwai.

Dereva aliniteremsha juu ya kijito, mahali nilipozoea kushuka na ndoo zangu. Sikupatambua. Kulikuwa na nguzo za zege na waya, mstari mzima, na ndani yake kabichi, kabichi tupu hadi majini. Miti ya plamu haikuwepo. Msimu ule nilikuwa nimenunua plamu sokoni, kwa kuwa kaka aliniambia zetu zimeshikwa na ugonjwa, nisijisumbue kupanda hadi Kwai. Visiki vilikuwa bado vibichi pembeni.

Nilimkuta kaka uani kwake ananoa panga. "Shikamoo, kaka," nilisema. Nashangaa mpaka leo kwamba niliisema. Akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimekuja na Jumapili bado. Nikaweka lile fundo mbele yake, juu ya jiwe la kunolea.

Alilitazama. Hakuuliza ni nini.

"Taa ilikuwa inawaka ovyo," alisema hatimaye. "Nikaona itakusumbua bure."

"Na manjano?"

"Hiyo ni dawa, kila mtu anatia. Gari nililokupa lilikuwa linatembea. Lilitembea au halikutembea?"

"Nirudishie shamba langu, uchukue gari lako."

"Shamba halipo," alisema, na sasa alikuwa ananisemesha kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Kuna mtu wa mjini alilitaka. Nilikuwa na shida. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilitaka kumpiga. Mimi mtu mzima, na baridi ile ya Juni, nilisimama pale nikitafuta kitu cha kurusha. Badala yake nilisema kwamba nitaita wazee, na kwamba mama alikuwepo nilipong'oa mpaka, mama atasema tulikubaliana nini, gari zima kwa shamba, na plamu zangu juu yake. Mama alikuwa ametoka jikoni na alikuwa amesimama mlangoni. Anaishi kwa kaka tangu baba afariki, anakula kwake, analala kwake. Nikamgeukia.

"Mama, si utasema?"

Mama akaacha Kiswahili, akanijibu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini ile anayotumia kubembeleza wagonjwa. Alisema atasema kilichokuwa kweli, kwamba nilipewa gari na likatembea. Alisema kaka ana watoto na hana kazi, mimi nina jamu zangu na mikono yangu. Halafu, kana kwamba ananipa nafuu, akasema, "Aliniambia litakuvumilia walau mwaka mzima. Limevumilia zaidi."

Nilimuuliza arudie. Akarudia. Mama alijua siku ile ya maharage. Alijua aliponifyonya nilipotaja muhuri, na alijua aliposimama kutazama naving'oa vile vishina. Kwa kaka nilikuwa nimekasirika, na hasira ina joto, mtu anaweza kusimama nayo. Kwa mama sikuwa na la kusimamia. Nilijiona mtoto wa nje.

Nikaondoka. Mama alinifuata hadi njiani na khanga yake mabegani, nikadhani anakuja kuniomba radhi. Aliniuliza, "Kliniki yangu ya Bumbuli ni Jumatano ijayo. Nitakwenda na nini?"

Niliendelea kutembea. Nilikaa siku nne bila kupokea simu ya mtu wa Kwai. Wazee niliwafikiria, kisha nikaacha. Shamba lina mwenyewe mwingine na waya wake, shahidi wangu ameshachagua, na mimi ndiye niliyeng'oa mpaka bila karatasi. Siku ya tano nilikwenda gereji. Fundi alikuwa anakula muhogo. Aliniuliza, skrepa?

Hapana, nilimwambia. Ng'ombe anauzwa kesho, agiza injini. Akanitazama kama mwenda wazimu, akasema kwa gharama hiyo na uzee wa gari lenyewe, wenzangu wangeachana nalo. Nilimwambia ukweli: gari hili bovu ndilo lililobaki kwenye urithi wangu. Baba alinipa plamu, plamu zimegeuka bati na matairi, na nikiliuza kwa kilo nitakuwa nimeung'oa urithi huo kwa mikono yangu mwenyewe kwa mara ya pili. Fundi akafuta vidole, akachukua simu akapiga Dar.

Jumatano ile mama alikwenda Bumbuli kwa gari la abiria. Kliniki iliyofuata, nilimpeleka mimi. Watu wataniuliza kwa nini. Ni mama yangu, presha yake ni ya kweli, na sikutaka afe nikiwa nimenuna. Nilimsalimia shikamoo, nikamfungulia mlango, nikamfunga mkanda. Injini ilikuwa inaimba vizuri. Kabla sijaweka gia akanigusa mkono.

"Kaka yako naye ana safari ya Soni," alisema. "Yuko hapo mbele anatusubiri. Umpakie."

Nilimwona, amesimama kando ya barabara na koti lake la Jumapili, ameshaanza kunyoosha mkono. Katika maisha yangu sikuwahi kumwambia mama hapana. Siku ile nilimwambia. Nikampita kaka yangu bila kupunguza mwendo, nikaona kwenye kioo anashusha mkono. Mama hakusema neno kupita Lushoto yote, wala Soni, wala kona zile za kuingia Bumbuli. Mimi nilikuwa nalia na kuendesha, machozi yananidondokea kwenye usukani, wala sikujificha, nilitaka aone. Nilikuwa nasubiri aniombe radhi. Karibu na hospitali akasafisha koo, nami nikashika usukani kwa nguvu nikingoja.

"Punguza mwendo," alisema. "Unanitikisa."